Kwa nini hawayasafishi maji ya Bath?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi nasoma hapa Bristol, Uingereza, kwetu ni Tanga. Jumamosi iliyopita tulipanda treni na wenzangu tukaenda Bath kuona yale mabafu ya Warumi. Kiingilio si haba. Kuingia, tunakuta dimbwi la maji ya kijani kama tangi lililosahauliwa, na kibao: usiguse maji. Kisha kijana anayetembeza wageni akatuambia zile nguzo tulizokuwa tunapigia picha si za Warumi. Nikajiuliza, nchi tajiri hivi inashindwaje kusafisha bwawa, kuezeka paa na kuacha watu waoge kama zamani? Na kama nguzo zenyewe ni za juzi, si tumeuziwa mbuzi kwenye gunia?"

Marahaba mwanangu. Mbuzi yupo, ila mlimtazama upande usio wake. Ngoja tuanze na maji, maana bila hayo maji pale pasingekuwa na Warumi, wala mji, wala kiingilio.

Maji ya Bath ni mvua ya zamani sana. Ilinyesha juu ya vilima vya Mendip, kusini mwa mji, maelfu ya miaka iliyopita, ikazama kwenye nyufa za mawe ya chokaa hadi kina cha kati ya mita 2,700 na 4,300. Huko chini ardhi yenyewe ndiyo jiko. Maji yakipata moto hupanda kupitia ufa mkubwa wa miamba na kutokeza katikati ya mji yakiwa na nyuzi 46 za Selsiasi, lita 1,170,000 kila siku. Hayo ni maboza 117 ya lita elfu kumi kumi, usiku na mchana, bila pampu wala bili ya umeme. Mwaka 1810 yaliwahi kukata, mji mzima ukashika tama. Akaitwa William Smith, yule aliyekuja kuchora ramani ya miamba ya Uingereza, akachimba hadi mwisho wa chemchemi mojawapo na kukuta maji hayajakauka, yamepata njia ya panya tu. Akayarudisha kwenye njia yake.

Yanapotoka ardhini hayana rangi. Ukijani mliouona ni mwani, viumbe vidogo vya kijani visivyoonekana kwa jicho kimojakimoja, vinavyohitaji vitu vitatu: joto, madini na jua. Joto na madini vilikuwepo tangu zamani. Jua ndilo geni. Wakati wa Warumi Bafu Kubwa, yaani lile dimbwi mliloliona, lilikuwa limeezekwa, na mwogaji alishuka ngazi kwenye maji meupe, ndani ya ukumbi wenye kiza na mvuke. Kwa hiyo ule ukijani unaopamba kadi za posta ni alama ya paa lililoanguka. Nimesikia watalii wakisifu "rangi ya Kirumi". Mrumi angeikimbia.

Utasema watie klorini. Klorini ni ya bwawa la hoteli, ambalo maji yake ni yaleyale yanayozungushwa kwenye chujio. Pale maji hayakai, yanapita tu: yanaingia kutoka kwenye chemchemi, yanatoka kwa mfereji, yanamwagikia mto Avon. Ungemwaga dawa usiku na mchana, na yote ingeishia kwa samaki.

Na kuoga? Sababu ya kibao kile ni ya huzuni. Hadi miaka ya 1970 watu wa Bath walikuwa wanaogelea kwenye maji ya chemchemi zile, katika bwawa la kuogelea la mji. Mwaka 1978 msichana mmoja aliogelea huko, akaugua homa ya uti wa mgongo, akafa. Ilipochunguzwa ikaonekana chanzo ni amiba aitwaye Naegleria fowleri, anayependa maji ya uvuguvugu na udongo wenye joto. Ukimmeza hana neno. Akiingia puani anapanda hadi kwenye ubongo, na wachache sana hupona. Chemchemi ya Warumi nayo ikakutwa naye, maana pale juu maji yanapitia matope na takataka za karne nyingi kabla ya kuonekana. Mabafu yakafungwa. Wakachimba kisima kipya kirefu kinachoyakamata maji chini kabisa, kabla hayajagusana na matope hayo, na ni maji hayo safi yanayotumika leo kwenye jengo jipya la kuogea, lililofunguliwa 2006 hatua chache kutoka mlipokuwa. Kwa hiyo si kweli kwamba Bath haogi mtu. Watu wanaoga maji yaleyale ya Mendip, ila si kwenye birika la Warumi.

Birika lenyewe lina jambo jingine. Kina chake ni mita 1.6, na chini, pasipoonekana kwa ajili ya ukijani, limetandikwa mabamba 45 mazito ya risasi, ile metali ya kwenye betri za gari. Ni yaleyale yaliyolazwa na mafundi wa Kirumi karibu miaka elfu mbili iliyopita, na mpaka leo yanashika maji. Risasi ilichimbwa vilima vilevile vya Mendip. Kila nikisikia fundi wa kwetu akiapa kwamba tangi lake halitavuja, nayakumbuka mabamba yale.

Sasa nikupeleke kwenye kazi ya uhandisi, maana hapo ndipo penye utamu, na wageni wengi hupapita wakikimbilia kupiga picha.

Warumi walivamia Uingereza mwaka 43. Walikuta pale kinamasi cha maji moto kinachotoa mvuke, na wenyeji wakiheshimu mungu wa kike waliyemwita Sulis. Hawakumfukuza. Walisema huyu ni Minerva, mungu wao wa kike wa hekima, wakawaunganisha wawili hao, akawa Sulis Minerva, na mji wakauita Aquae Sulis, maji ya Sulis. Baina ya miaka ya 60 na 70 wakajenga hekalu na mabafu. Lakini utajengaje juu ya tope linalochemka? Walipigilia magogo ya mwaloni kwenye matope kuzunguka chemchemi, kama sisi tunavyosimika nguzo za gati, wakajenga juu yake kisima cha mawe kilichotandikwa risasi. Maji yakapanda ndani ya kisima, mchanga ukatua chini, na maji yaliyochujika yakafurika kwenda kwenye mabafu. Mchanga uliojaa wakausafisha kwa kufungua lango na kuachia maji yasukume kila kitu kwenye mfereji mkuu. Mwaloni ule bado umebeba mzigo. Mfereji nao bado unafanya kazi. Hiyo ndiyo sehemu ya Bath inayoishi, na hakuna anayeipigia picha kwa kuwa iko chini ya miguu.

Bafu Kubwa halikuhitaji kuni, lilipashwa na chemchemi. Vyumba vya pembeni, vya mashariki na magharibi, ndivyo vilivyopashwa moto kwa tanuri. Sakafu iliinuliwa juu ya vijiguzo vya matofali, urefu wa kumfikia mtu magotini au zaidi kidogo, hewa ya moto ikapita chini yake, kisha ikapanda ndani ya kuta kupitia matofali yenye uwazi kama makasha, ikatokea juu. Mtu alianza chumba cha uvuguvugu, akaingia cha joto, akatoka jasho, akapakwa mafuta na kukwaruzwa kwa chuma kilichopinda, maana sabuni haikuwa desturi yao, akamalizia kwa kujitumbukiza kwenye maji baridi. Vile vijiguzo mliviona. Vinafanana na mafungu ya matofali yanayosubiri fundi aje Jumatatu, ndiyo maana watu huvipita.

Na kwenye chemchemi watu walitupa vitu. Mwaka 1979 na 1980 mwanaakiolojia Barry Cunliffe na wenzake walipata nafasi ya kuchimba ndani ya kisima kitakatifu. Zimetoka pale sarafu zaidi ya 12,000. Lakini hazina kubwa kwangu ni vibamba vyembamba vya risasi na bati, kama 130, vimekunjwa na kutumbukizwa majini. Ni maombi ya laana. Ndugu yangu wa Tanga hahitaji kuelezwa sana. Kwetu mtu akiibiwa na polisi wakashindwa anatangaza mtaani: nitasoma halbadiri. Basi wale nao walikuwa na halbadiri yao. Mmoja aitwaye Docimedis aliibiwa glovu mbili, akamwomba mungu wa kike mwizi apoteze akili na macho. Glovu! Wengine waliibiwa joho au nguo ya kuogea wakiwa majini, maana mwizi wa bafuni ni yule yule wa ufukweni. Na kwa kuwa hawakumjua mwizi, waliandika kama wakili anayeziba kila mwanya: awe mwanamume au mwanamke, mtumwa au muungwana. Mmoja, aliyeibiwa sarafu sita za fedha kutoka kwenye kibindo chake, akaongeza: awe mpagani au Mkristo. Kwa maneno hayo machache tunajua kwamba dini mpya ilikwishafika mjini na watu wake walikuwa wanashukiwa wizi sawa na wengine.

Fikiria kama kuna mtu mwenye nia njema, mwaka 1900 au 1950, angesema "tusafishe kisima hiki maji yawe mazuri". Angekomba matope yale na kuyamwaga mtoni. Vibamba vimekunjwa, vina rangi ya matope, vingekwenda na maji, na hatungejua habari za Docimedis wala za Mkristo anayeshukiwa.

Warumi walipoondoka Uingereza mwanzoni mwa karne ya 5, mifereji haikupata wa kuizibua. Mto ukifurika unaleta matope, matope yakajaa ukumbini, na mwishowe paa likaanguka juu yake. Kisha watu wakajenga juu ya matope hayo, na wajukuu wao juu ya nyumba hizo. Katika karne ya 12 kukajengwa birika jingine, Bafu la Mfalme, juu kabisa ya chemchemi, kuta za Kirumi zikiwa msingi wake. Waliooga humo hawakujua kilichokuwa chini ya nyayo zao. Mwaka 1727 vibarua wakichimba mtaro wa maji machafu mtaa wa Stall Street waligonga kichwa cha shaba kilichopakwa dhahabu: Minerva mwenyewe, amekatwa shingoni. Mwaka 1790, wakichimba msingi wa ukumbi wa kunywea maji, wakatoa vipande vya uso wa hekalu wenye kichwa cha mwanamume mwenye masharubu na nywele zinazoruka kama ndimi za moto, ambacho wataalamu mpaka leo wanabishana ni nani. Na kuanzia 1878 msanifu wa majengo wa mji, Charles Davis, alipokuwa anatafuta maji ya Bafu la Mfalme yanavujia wapi, akafuata uvujaji huo mpaka akafika kwenye kuta za Kirumi. Nyumba zilizokuwa juu zikanunuliwa na kubomolewa, na Bafu Kubwa likaona jua baada ya karne nyingi.

Davis alikuwa na haraka ya kupata mabafu ya biashara kwa mji wake, na alijenga mabafu mapya juu ya sehemu ya yale ya kale. Wasomi wa zamani zile walimlaumu sana. Bahati njema alikuwepo mjenzi mmoja, Richard Mann, aliyekuwa akichora na kuandika alichokiona kabla hakijafunikwa. Wakagombana, kama ilivyo kawaida ya mtu wa haraka na mtu wa daftari. Sisi tuliokuja nyuma tunaishi kwa daftari.

Sasa nguzo zako. Kijana alisema kweli, na angeweza kukuonyesha mstari wenyewe. Simama kando ya Bafu Kubwa, tazama chini: vitako vya nguzo, vilivyolika na vyenye makovu, ni vya Kirumi. Kila kilicho juu ya hapo ni cha karne ya 19. Ile baraza ya juu yenye sanamu za makaizari na magavana ilifunguliwa 1897, enzi za Malkia Victoria, ili wageni wapate mahali pazuri pa kusimama na kutazama chini. Kwa hiyo picha yako ina ujenzi wa mtu wa 1897 akiwaza Warumi walikuwaje. Hilo nalo ni historia, tena limehifadhiwa kisheria kama lile jingine. Lililo baya ni kutomwambia mgeni, na wewe uliambiwa.

Ukitaka paa, swali la kwanza ni: paa lipi? Maana yalikuwepo mawili. La kwanza lilikuwa la mbao. Mvuke na mbao havielewani, na baadaye Warumi wenyewe waliliondoa wakajenga tao refu la zege na matofali matupu ndani, matupu ili yasilemee. Lakini hata hivyo lilikuwa zito kuliko mbao, na nguzo za zamani zisingelibeba. Ukiangalia vile vitako utaona vimeongezwa mawe mbele na nyuma, mwili mnene umebandikwa kwenye mwembamba. Hapo mafundi wa zama mbili wamesimama bega kwa bega. Na kando ya birika limelazwa pande la tao lenyewe lilivyoanguka, matundu ya matofali yakionekana kama mzinga wa nyuki. Ukijenga tao jipya leo utahitaji msingi mpya, yaani utachimba na kupitisha zege palepale penye ushahidi huo. Utapata paa, utapoteza sababu ya kujua kwamba lilikuwepo. Mkataba wa Venice wa 1964, ambao ndio msahafu wa kazi yetu ya kuhifadhi majengo ya kale, unasema ukarabati ukome pale kubahatisha kunapoanza. Juu ya usawa wa magoti, Bath karibu yote ni kubahatisha.

Nakuambia haya si kwa kusoma tu. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi kwenye nyumba moja ya kale ya mawe ya matumbawe, mji wa pwani siutaji. Mwenye kazi alitaka iishe kabla ya Ramadhani. Tukaacha chokaa, inayochukua wiki kukauka, tukapiga plasta ya saruji. Ilinyooka kama meza, watu wakatupongeza. Masika ya tatu plasta ikavimba. Ukigonga kwa kidole inalia kama ngoma. Saruji haipumui: unyevu uliokuwa unatoka ukutani polepole ulifungiwa ndani, chumvi ikaganda nyuma ya plasta na kuisukuma nje, na ilipodondoka ilidondoka na nyuso za mawe yenyewe. Mawe yaliyokaa karne mbili tuliyaua kwa misimu mitatu. Jiwe la Bath, lile la rangi ya asali, ni jiwe la chokaa pia, laini, linafyonza maji, na kanuni ni ileile: kinachotengenezwa kiwe laini kuliko kinacholindwa, ili kikifa, kife kiraka.

Roma kuna mfano mkubwa zaidi. Mabafu ya Kaizari Caracalla yalizinduliwa 216, jengo lenye urefu wa zaidi ya mita 200, na yalifanya kazi mpaka Wagoti walipokata mifereji ya maji ya mji mwaka 537. Baada ya hapo yakawa machimbo. Katika miaka ya 1540 Papa Paulo III, wa ukoo wa Farnese, alichimba humo kutafuta mapambo ya kasri lao; sanamu zilizotoka, Herkule aliyechoka na lile kundi kubwa lenye fahali, leo ziko makumbusho ya Naples. Nguzo moja ya mawe magumu ya granito ilipelekwa Florence na imesimama barabarani hadi sasa. Tangu 1937 watu wa opera wakaweka jukwaa kati ya masalia ya ukumbi wa joto, mapambo na viti vikaegemea magofu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wahifadhi walishinda na maonyesho yakasimama. Yaliporudi 2001 jukwaa lilikuwa limesogezwa mbali na kuta. Mimi siwachukii watu wa opera. Ila ukuta wa miaka 1,800 haujui kupiga makofi, unajua kutetemeka tu.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo matakwa yako yametimia. Algeria, karibu na mji wa Khenchela, kwenye milima ya Aurès, kuna Hammam Essalihine, hamamu ya watu wema. Warumi waliiita Aquae Flavianae. Ina birika la duara na la mstatili, maji moto ya chemchemi, na mpaka leo watu wa vijiji vya jirani wanakuja na taulo zao kuoga humo. Mawe yamekarabatiwa na kila kizazi, hakuna anayeuliza lipi ni la Kirumi. Siwezi kusema wamekosea. Pale desturi ya kuoga haikukatika, kwa hiyo jengo ni la walio hai. Bath ilikatika, ikazikwa, ikafukuliwa, na kitu kilichofukuliwa kina haki za maiti: hakipambwi ovyo.

Na desturi yenyewe ilifika hata kwetu, kwa njia ndefu. Waarabu walipoichukua Sham waliyakuta mabafu ya Warumi yakifanya kazi, wakayapenda. Katika jangwa la Jordan kuna Qusayr Amra, nyumba ya kuogea ya karne ya 8, yenye sakafu inayopashwa moto kutoka chini kama ya Warumi, na kuba lililochorwa nyota. Kutoka huko hamamu ikaenea hadi Uajemi, na katika karne ya 19 Sultani Barghash akaleta mafundi wa Kiajemi wamjengee ile ya Hamamni, Mji Mkongwe. Ilifungwa 1920. Ukipita likizo Unguja ingia uone, vyumba ni vilevile: baridi, uvuguvugu, joto. Nayo haina maji leo, na wageni huuliza swali kama lako.

Umeuliza pia kuhusu utajiri. Fedha zipo, na zinakwenda pasipopendeza kwa macho. Kabla ya korona wageni walikuwa wanapita milioni moja kwa mwaka. Nyayo milioni mbili juu ya jiwe laini, pumzi milioni moja kwenye vyumba vya chini ambako ukuta unatoka jasho na chumvi. Kwa hiyo wanalipia njia za kutembelea zilizoinuliwa, taa zisizochoma, watu wa kupiga brashi chumvi kabla haijala jiwe. Na juu ya yote wanalinda maji. Kuna sheria ya 1982 inayokataza kuchimba kupita kina fulani mjini bila idhini ya halmashauri, iwe kisima au msingi wa ghorofa, kwa kuwa mtu mmoja mwenye mashine ya kuchimba anaweza kutoboa ufa usio wake na kuiteka chemchemi yote. Kule chini, maji yaliyokwisha kupita bafuni na kuingia mfereji wa Kirumi sasa yanakamuliwa joto lake kabla ya kufika mtoni, na joto hilo linapasha sakafu ya kanisa kubwa la jirani. Sakafu inayopashwa kutoka chini, tena, kwa maji ya Sulis, ndani ya kanisa. Yule aliyeandika "mpagani au Mkristo" angecheka.

Ukirudi, na nakuomba urudi, nenda siku ya baridi kali, jioni jua likizama, mvuke unaonekana vizuri. Usianzie kwenye nguzo. Tafuta mahali maji yanapofurika kutoka kwenye chemchemi kuingia mferejini: mawe yamepakwa rangi ya machungwa na madini ya chuma, na ukikaribia utasikia joto usoni. Kisha vitako vyenye viraka. Kisha pande la tao. Mwisho kuna bomba la maji ya kunywa yaliyotoka kwenye kile kisima kirefu, salama kabisa. Yana uvuguvugu na ladha ya msumari. Mimi nilimaliza nusu glasi.